Ardhi Haizai: Tupime Kwanza, Tugawane Baadaye



Wazazi wetu, ndugu na dada zangu, mada niliyopewa ni ardhi. Ukitaja ardhi hapa Kakamega, watu hufikiria mambo mawili tu: kesi na mirathi. Leo tuongeze la tatu, nalo ni kupima. Kitu usichokijua kiasi chake huwezi kukigawa kwa uadilifu.

Tuanze na msitu wetu. Katika Kenya nzima, msitu wa mvua wa aina ile ya Kongo umebaki huku kwetu magharibi. Ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933. Kwenye karatasi una takriban kilomita mraba 240, lakini sehemu yenye miti ya asili ni chini ya nusu. Sasa tazama majirani zake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 1,860,000 katika kaunti yetu, yaani zaidi ya 600 kwa kila kilomita mraba. Wote hawa wanataka mahindi, miwa, ploti, nyasi za ng'ombe na kuni. Mwezi huu wa Ramadhan wenyewe tunajua jikoni kunavyowaka kuanzia alasiri.

Je, yule mama anayetoka msituni na mzigo wa kuni kichwani ni adui wa msitu? Tusikimbilie kuhukumu. Upande wa kusini, unaosimamiwa na Shirika la Misitu (KFS), wananchi hulipa ada wakaruhusiwa kuokota kuni kavu na kuchunga. Kaskazini, iliko hifadhi ya taifa tangu 1985 chini ya KWS, sheria ni kali zaidi. Msitu ni mmoja, kanuni ni mbili. Ukifunga mlango huku bila kumpa mtu njia nyingine ya kupika, ataenda kule.

Historia nayo inatufundisha. Dhahabu ilipovuta watu Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria mwaka 1932, ardhi ya wenyeji ikaweza kuchukuliwa kwa machimbo bila wao kupewa nyingine badala yake. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Nyayo wa kupanda chai kandokando ya misitu, iwe ukuta wa kuilinda. Nia ilikuwa njema, lakini hapa kwetu sehemu za msitu zilifyekwa ili chai hiyo ipandwe! Mara zote mbili uamuzi ulitoka juu, na mwenye jembe akaletewa habari tu.

Siku hizi kupima kumekuwa rahisi. Setilaiti za Landsat zimepiga picha za dunia tangu 1972, na tangu 2008 picha hizo ni za bure. Watafiti wa mradi wa BIOTA, uliofanya kazi hapa kuanzia 2001 hadi 2010, walilinganisha picha hizo na zile za ndege zilizopigwa kabla ya Uhuru. Yakaonekana mabadiliko ambayo jicho la mtu mmoja haliwezi kuyakumbuka. Malava na Kisere leo ni visiwa vya miti katikati ya mashamba.

Lakini jamani, picha ya angani ina mipaka. Inaona shamba jipya. Haioni vizuri mti mmoja uliokatwa chini ya mingine, wala njaa iliyomsukuma mkataji. Hapo ndipo anahitajika mtu wa kuhesabu visiki kwa miguu. Sheria ya Misitu ya 2005, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, zimewapa wananchi ruhusa ya kuunda vyama vya kushiriki kusimamia msitu. Cha Muileshi ni mfano wa hapa kwetu. Vijana, kwa nini mkutano wa chama ukiitwa wanaonekana wazee peke yao?

La mwisho liko nyumbani kwetu. Mirathi ni haki ya kila mrithi, mwanamume na mwanamke, na hakuna wa kuipunguza. Lakini kugawana haki si lazima kukata udongo vipande. Ekari mbili zikikatwa mara sita, kila mmoja anabaki na uwanja wa nyumba, kisha macho yote yanageukia msitu. Warithi wanaweza kukubaliana: shamba libaki moja, kila mtu apate fungu lake katika mavuno, au mmoja awalipe wenzake thamani ya mafungu yao. Muhimu ni kuandikiana, mbele ya mashahidi.

Kwa hivyo baada ya futari moja wiki hii, kaeni kama familia. Chukueni karatasi, mchore shamba lenu: wapi pa chakula, wapi pa nyumba, wapi pa miti ya kuni. Anayepanda kuni zake mwenyewe amempunguzia msitu mzigo, na amempunguzia mama yake safari.

Ardhi haizai ardhi nyingine. Sisi ndio tunaozaa.

Ramadhan karim.