Springi za Kuvutwa: Jinsi ya Kuzifahamu na Kuzichagua
(Mazungumzo kwa wavuvi, mafundi na waendeshaji wa pikipiki wa Kisumu na mwambao wa Ziwa)



Katika ufuo wa Dunga, karibu na mji wa Kisumu, na katika fuo nyingine nyingi za Ziwa Victoria, samaki hutundikwa kwenye mizani, na malipo ya mvuvi hutegemea mahali mshale utakaposimama. Mtu aliyekesha majini huutazama mshale huo kwa makini, maana ndio utakaosema iwapo karo ya mtoto itapatikana au haitapatikana. Lakini ni wachache wajiulizao ni kitu gani kiusogezacho. Katika mizani ya saa ya kutundikwa, kitu hicho ni springi ya chuma iliyofichwa nyuma ya uso wa mizani. Basi yafaa kila mtu aifahamu springi, maana asiyeijua huweza kupunjwa nayo, au hata kuumizwa nayo.

Springi ya kuvutwa ni waya wa chuma kigumu uliozungushwa mizunguko mingi iliyogusana, wenye kulabu katika kila ncha. Ikivutwa, mizunguko huachana; ikiachiwa, hurudi ilivyokuwa. Mwaka 1678 mtaalamu wa Kiingereza, Robert Hooke, alitangaza kanuni yake: kadiri uzito unavyoongezwa, ndivyo springi inavyorefuka kwa kipimo kile kile. Kilo 10 zikiirefusha sentimeta 1, kilo 20 zitairefusha sentimeta 2. Kwa kanuni hiyo mizani hupata alama zake. Lakini kanuni hiyo ina mpaka. Springi ikivutwa kupita nguvu zake, hairudi tena mahali pake, nayo haifai tena kwa kazi ya kupima.

Ugumu wa springi hutokana na mambo matatu, ukiacha aina ya chuma chenyewe. La kwanza ni unene wa waya. Unene ukiongezwa mara mbili, na mengine yote yakiwa sawa, ugumu huongezeka mara 16. La pili ni upana wa mzunguko. Upana ukiongezwa mara mbili, ugumu hupungua hata kubaki sehemu 1 kwa 8. La tatu ni hesabu ya mizunguko. Mizunguko ikipunguzwa nusu, ugumu huwa mara mbili.

Jambo hilo la tatu lataka kuangaliwa sana ufuoni. Tuseme springi ya mizani ina mizunguko 20, na mtu asiye mwaminifu amekata 4 na kuitia kulabu upya. Springi hiyo sasa ni ngumu zaidi, na samaki wa kilo 50 atasomeka kama kilo 40 hivi. Tena mshale waweza kurekebishwa usimame kwenye sifuri barabara wakati mizani haina kitu. Kwa hiyo mvuvi atazamaye sifuri tu na kuridhika hajalindwa bado.

Njia ya kuijaribu mizani ni rahisi. Na atwae mtungi mtupu wa plastiki, aupime. Kisha atie humo maji lita 20, akiyapima kwa chupa ya lita 1 mara 20, maana mitungi mingi ikijazwa hadi mdomoni huchukua zaidi ya kiasi kilichoandikwa. Aupime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili yapasa kuwa kilo 20 hivi, kwa kuwa lita 1 ya maji ina uzito wa karibu kilo 1. Ikiwa mizani yaonyesha 16 au 17, pana kasoro. Hapo si wakati wa kugombana. Jambo hilo lipelekwe kwa viongozi wa ufuo na kwa afisa wa Vipimo na Mizani, kwa sababu sheria ya Kenya, Sura ya 513, yataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri.

Springi ya kuvutwa hufanya kazi pia katika pikipiki za bodaboda. Ile ishikiliayo mguu wa kuegeshea ni ya namna hiyo. Mahali pake dhaifu ni kulabu, maana hapo waya umekunjwa ghafula na mvuto wote hukusanyika papo hapo. Wazee walisema kamba hukatikia pembamba. Kulabu ikikatika, mguu huweza kushuka njiani na kugonga lami kwenye kona, na abiria huanguka pamoja na dereva. Basi springi yenye ufa au kutu katika kulabu ibadilishwe mara moja. Kuichoma moto ili kukunja kulabu mpya si tiba, kwa sababu moto huondoa ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani.

Kwa kazi ambayo springi ikivunjika mzigo utaanguka, iko namna nyingine iliyo salama zaidi, nayo ni springi ya vitanzi. Hapa vitanzi viwili vya chuma hupita ndani ya springi, kila kimoja kikishika ncha ya upande wa pili. Vitanzi vikivutwa, springi haitanuki bali hubanwa. Mizunguko ikishagusana, mvuto husimama hapo hapo, na springi hairefushwi kupita kiasi. Hata waya wake ukivunjika, vitanzi huendelea kushika mzigo. Ni fikira ile ile iliyotumika nyuma ya kulabu za mabehewa ya reli ya zamani, ili treni ikianza kwenda mabehewa yasishtuliwe kwa ghafula. Springi ya namna hiyo yafaa kwa bembea ya watoto, na kwa kamba ya mashua ivutwayo na mawimbi usiku kucha. Lakini haifai pahali panapotakiwa kurefuka sana.

Basi anayekwenda kununua springi, iwe dukani au kwa mafundi wa jua kali wa Kibuye, na ajiulize maswali matano. Itavuta uzito gani, mdogo na mkubwa kabisa? Itarefuka kiasi gani? Itavutwa mara ngapi kwa siku? Itakaa mahali pakavu au penye maji? Na ikivunjika, nani ataumia? Penye maji achague chuma kisichoshika kutu, ingawa bei yake ni kubwa zaidi. Achukue springi ya zamani pamoja naye, na apime unene wa waya, upana wa mzunguko, hesabu ya mizunguko na urefu kutoka kulabu hadi kulabu. Kufanana kwa macho tu hakutoshi, kwa maana tofauti ndogo ya unene wa waya, ambayo jicho haliioni, hubadili nguvu ya springi kwa kiasi kikubwa.

Springi ni kitu kidogo, na bei yake si kubwa. Lakini jasho la mvuvi na uhai wa abiria huning'inia juu yake, na kwa hiyo yastahili kuchaguliwa kwa akili na kukaguliwa mara kwa mara.