Kuituliza Kamera Usiku Katika Ufuko wa Mboko



Mada niliyotakiwa kuiwasilisha inahusu upigaji picha wa usiku, na kwa desturi ya semina ingenipasa nianze kwa kueleza kamera ni nini. Lakini kwa kuwa kila aliyehudhuria anajua ya kwamba kamera ni chumba cha giza kinachopokea nuru kwa tundu, jambo ambalo Ibn al-Haytham alilichunguza yapata miaka elfu moja iliyopita, na ya kwamba usiku, kwa uchache wa nuru, tundu hilo huachwa wazi kwa sekunde nyingi, naomba ruhusa tuyapite hayo upesi. Katika sekunde hizo zote kamera haina budi kutulia. Basi.

Mushkili wetu hapa Mboko, mji wetu wa kando ya ziwa, ni mchanga. Katika usiku wa mwezi mwandamo, wavuvi wa ndagala wawashapo taa zao ziwani na milima ya Burundi ikawa kama ukuta nyuma yao, mpiga picha wetu hushuka ufukoni na ile miguu mitatu tuiitayo trepie, akaisimika karibu na maji, akabonyeza, na picha ikatoka imefifia kingo zake; kesho yake hulaumu trepie, na aghalabu hukopa fedha anunue nyingine iliyo ghali zaidi, ilhali aibu si ya chombo bali ya ardhi iliyokibeba. Wimbi dogo likipita chini ya mchanga ulioloa, mguu mmoja huzama pasipo mtu kuona. Tufanye hesabu: miguu ikiwa imeachana sentimita 60, na mmojawapo ukazama milimita 1 tu, taswira ndani ya kamera yenye lenzi ya milimita 50 yaweza kuhama karibu sehemu ya kumi ya milimita, nayo ni zaidi ya pikseli 10 katika kamera nyingi tuzitumiazo. Fauka ya hayo kuna upepo wa kusini wa miezi ya kiangazi, kuna malori ya barabara ya taifa namba 5, na kuna watazamaji, ambao hawafukuziki, wakikanyaga mchanga pembeni mwa kamera ili wapate kuona kinachopigwa.

Nimelisema jambo hili katika vikao vingi, na kila mara hujibiwa kwa swali la bei ya kamera.

Lakini tusiitwike kamera kila kosa. Picha ikiharibika, tazameni kwanza ukingo wa milima: ukiwa mkali na taa ndizo zilizovutika kama nyuzi, kilichotikisika ni mtumbwi wa mvuvi, na hakuna trepie duniani iwezayo kuutuliza; ukingo wa mlima ukiwa maradufu, kosa ni letu. Nyota nazo zina hukumu yake, kwa maana dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, na kwa lenzi ya milimita 24 nyota huanza kuvutika baada ya sekunde 20 hivi, hata kamera iwe imejengewa ndani ya saruji. Ama anayepiga picha akiwa ndani ya mtumbwi, huyo aache trepie nyumbani, aongeze wepesi wa kamera kuhisi nuru na kupunguza sekunde, akubali chembechembe zitakazotokea.

Kwa hayo napendekeza, kwanza, trepie iondolewe kwenye mchanga ulioloa, na kila mguu ukalie jiwe bapa au kipande cha ubao kilichofukiwa. Pili, nguzo ya katikati isipandishwe, na mfuko wa mchanga ufungwe chini yake hata uguse ardhi, usije ukaning'inia na kuyumbishwa na upepo. Tatu, kidole kisibonyeze: saa ya kamera itegwe sekunde 2 au 10. Nne, kitulizi kilichomo ndani ya lenzi kizimwe kamera ikiwa juu ya trepie, kwani katika lenzi nyingi hutafuta mtikisiko usiokuwapo na kuuzua. Tano, watazamaji waombwe kwa adabu wakae mbali. Sita, na hili nalisema kwa tahadhari inayonilazimu, wenye mamlaka ya mji na walinzi wa ufuko wajulishwe kabla ya jua kutua, kwa sababu chombo cha miguu mitatu gizani chaweza kudhaniwa kitu kingine. Tusichukue picha za askari wala vizuizi. Saba, ijapokuwa nimekwisha kusema, trepie iondolewe kwenye mchanga ulioloa.

Nane ni ombi la siku nyingi: sakafu ndogo ya saruji, mita 2 kwa 2, itakayotumiwa na wanafunzi wote. Ombi hilo limepokewa kwa hisani na wahusika, nami siwataji, nalo lingali likipokewa. Likikubaliwa, sakafu ijengwe juu, mbali na mstari wa maji, maana ziwa lilipopanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, lilimeza sehemu za ufuko tulizozidhania salama. Lisipokubaliwa, kila kikundi kije usiku wa leo na mawe matatu bapa.