Kabla ya Kufyeka, Twende Tukaone

Maneno kwa vikundi vya kujisaidia vya Kericho na Bomet

Leo hatuzungumzi juu ya kuku wala mchango wa mzunguko. Tunataka kuzungumza juu ya kile kipande cha msitu kilicho kati ya majani chai na mto, ambacho vikundi kadhaa vinataka kukifyeka wapande mikaratusi, ile tunayoita blugam. Kabla ya kunoa panga, tunaomba mwende huko asubuhi mara nne hivi, na simu yenye kamera, mkaone ni nani anaishi pale.

Nendeni watatu au wanne. Watu kumi ni soko, na hakuna mnyama anayengojea soko. Saa kumi na mbili na nusu ukungu unaanza kuinuka na ndege wako kazini. Mkifika, simameni kimya dakika kumi, jua likiwa mgongoni. Picha ya kuvuta sana kwa simu hutoka kama uji, kwa hivyo afadhali ndege mdogo kwenye picha safi. Flashi izimwe.

Mtamwona mdiria, yule mdogo wa buluu anayekaa juu ya tete. Yeye huvua kwa macho. Maji yakiwa tope hawaoni samaki, basi akihama, ulizeni udongo wa shamba la nani umeingia mtoni. Yuko pia fundichuma, ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, ambaye kiota chake cha vijiti na matope kinaweza kuzidi uzito wa mtoto wa shule.

Sasa tuje kwa mbega, maana hapa pana kesi. Tunasikia wengine wakisema, "Nyani wote ni wezi wa mahindi, wafukuzwe." Pigeni picha, halafu mtazame vizuri. Mbega ni mweusi mwenye manyoya meupe mabegani na mkia mrefu mweupe, na chakula chake kikubwa ni majani ya miti. Anayeonekana mara nyingi kwenye mahindi ni tumbili, yule wa kijivu mwenye uso mweusi. Kumpiga mbega kwa makosa ya tumbili si haki, na tena uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977. Mbega huruka kutoka mti hadi mti. Ukikata katikati ya msitu umemfungia upande mmoja, na blugam haimlishi.

Mkibahatika kumpata kong'ony kwenye kinamasi, ambaye kwa koo zingine ni mnyama wao wa heshima, msikaribie kiota. Picha ya kiota msiisambaze pamoja na jina la mahali, kwa sababu wako watu wanaoiba vifaranga. Tangu 2012 ndege huyu amewekwa kati ya wale walio hatarini kutoweka duniani.

Wenzetu wa Bomet, mnajua Nyangores unakutana na Amala na kuwa mto Mara, unaopita mbugani na kuvuka Tanzania hadi Ziwa Victoria. Mto wote una kilomita 395 hivi, na mwanzo wake uko huku kwetu juu. Kanuni za maji za 2006 zilikataza kulima ukingoni, kuanzia mita 6 hadi 30 kila upande. Na mnakumbuka 2009, marehemu John Michuki akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza blugam zilizo karibu na mito zikatwe. Tunajua kuni ni shida na karo ni shida. Blugam ipandwe juu, mbali na maji, ipo nafasi.

Kila picha iandikwe tarehe, saa na mahali kwenye daftari la kikundi, hata ile ya ng'ombe akinywa maji. Katibu azitunze. Siku ya kupiga kura juu ya kile kipande, zipitishwe mkono kwa mkono kwanza, wazee wataje majina ya wanyama kwa Kipsigis na vijana wayaandike.