Gombo Lililochomwa Likaandikwa Tena

 

Somo letu linatoka katika kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 36. Ukiwa na Biblia karibu, uisome sura hiyo yote baada ya mazungumzo haya.

Yeremia alikuwa amezuiwa asiingie katika nyumba ya Bwana. Basi akamwita Baruku mwana wa Neria, akamtajia maneno, naye Baruku akayaandika kwa wino katika gombo. Kisha Baruku akayasoma mbele ya watu. Habari zikamfikia mfalme Yehoyakimu. Ulikuwa wakati wa baridi, na mfalme alikuwa ameketi mbele ya moto wa makaa. Kila zilipokwisha kusomwa kurasa tatu au nne, alizikata kwa kisu na kuzitupa motoni. Watu watatu walimsihi asifanye hivyo, lakini hakuwasikiliza. Gombo lote likateketea.

Yeremia alifanya nini? Alitwaa gombo jingine. Baruku akaketi tena, akaanza upya toka neno la kwanza, na maneno mengine mengi yakaongezwa. Mfalme alichoma ngozi au karatasi tu. Neno lenyewe hakuliweza.

Ndugu zangu, tusidhani kwamba kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Sura ya 45 inatuonyesha Baruku akilalamika kwamba amechoka na hapati raha. Mungu hakumkasirikia kwa kuchoka kwake. Alimwonya asijitafutie mambo makuu, akamwahidi kuilinda nafsi yake. Kumbe mtu aweza kuchoka, akaugua moyoni, na bado akaishika kalamu.

Jambo hili tumeliona hata katika nchi yetu hii ya Ukambani. Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amemzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Mwaka uo huo, Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka 1849 alifika Kitui kwa mzee Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba. Mwaka 1850 Injili ya Marko katika Kikamba ilipigwa chapa kule Tübingen, Ujerumani.

Mwaka 1851 akarudi. Yeye na Kivoi walikuwa wakielekea mto Tana, mto huu huu ambao tangu mwaka 1981 umezuiwa kwa bwawa la Masinga. Wakashambuliwa njiani, Kivoi akauawa. Krapf akabaki peke yake porini. Mchana alijificha, usiku alitembea. Maji ya kunywa aliyabeba ndani ya mfuko wa darubini na katika mitutu ya bunduki yake. Sisi tunaoijua kiu ya nchi hii tunaelewa maana yake.

Kazi aliyotaka kuianzisha Ukambani haikusimama. Mwaka 1853 aliondoka Afrika Mashariki akiwa mgonjwa. Mtu angesema kwamba gombo limekwisha kuchomwa. Lakini Krapf hakuiacha kalamu. Alifariki Novemba 1881, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882. Hakuiona ikiwa kitabu. Agano Jipya la Kikamba lilitoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956, kwa mikono ya watu wengine. Toka ile Injili ya Marko hadi Biblia nzima ni miaka 106.

Hapo pana jambo moja la kuangalia. Kusimama imara si sawa na ukaidi. Waliomfuata Krapf walibadili jinsi yake ya kuandika maneno, na walifanya vema. Mkaidi hakubali kusahihishwa hata herufi moja. Mwenye imani hukubali kusahihishwa herufi, lakini kweli yenyewe haiuzi.

Na wewe je, ndugu msikilizaji? Labda wewe ni katibu wa kamati ya maji, na wakubwa wanataka uandike kwamba fedha zimetumika, nawe unajua hazikutumika. Labda wewe ni kijana unayetunga hadithi au mchezo wa kuigiza, ukaambiwa uondoe lile lililo kweli ndipo upendwe. Labda wewe ni mama unayejifunza kusoma uzeeni ili uisome Biblia mwenyewe, na wajukuu wanakucheka. Utaumia, nami sitakudanganya. Katibu huyo aweza kunyang'anywa kazi. Lakini ukitia sahihi uongo leo, kesho utalazimika kuulinda kwa uongo mwingine, na majirani zako ndio watakaokosa maji.

Mkulima wa hapa kwetu hupanda ndengu na kunde katika vumbi, mvua ikiwa haijanyesha. Hajui kama itatosha. Lakini anajua kwamba asipopanda, hata ikinyesha haitamfaa kitu. Tuandike na kuishi hivyo hivyo. Mavuno tumwachie Mwenye shamba.

Na tuombe. Ee Baba, wako wanaokusikia leo ambao kazi yao imeharibiwa na wenye nguvu. Wape kuanza tena toka neno la kwanza. Waliochoka uwashike mkono. Utuepushe na ukaidi, na utuepushe na woga. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.