Kupima Utayari wa Kutoa Taarifa za Wake Wanaopigwa

Ndugu Matabibu, Wauguzi na Wakunga,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupima utayari wenu wa kutoa taarifa mnapompokea mwanamke aliyepigwa na mumewe.

Ukubwa wa jambo hili unajulikana. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2005 uliwahoji wanawake waliopata kuwa na mume au mwenzi. Waliosema wamepata kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu na wenzi wao walikuwa asilimia 41 Dar es Salaam, na asilimia 56 mkoani Mbeya. Sheria nayo haina utata. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Hata hivyo, majeruhi anafika zahanati na kusema, "Nimeanguka bafuni," nasi tunaandika hivyo hivyo.

Basi tupimeje utayari? Njia nyepesi ni kugawa karatasi yenye swali moja: "Je, utatoa taarifa?" Lakini ni nani atakayemjibu mkubwa wake "hapana"? Jibu la namna hiyo linapima adabu tu. Kipimo cha haki hakina budi kuuliza mambo matatu. Kwanza, je, mhudumu anazitambua dalili? Pili, anaamini kwamba hii ni kazi yake, au anaiona kuwa siri ya nyumba ya watu? Tatu, anajua la kufanya, tangu kuandika jeraha kwa usahihi hadi kumwelekeza mgonjwa kuhusu fomu ya PF3? Kisha majibu yalinganishwe na daftari la wagonjwa. Karatasi zikisema wote wako tayari, na daftari la mwaka mzima lisioneshe hata mke mmoja aliyepigwa, tuliamini daftari.

Hata hivyo, wingi wa taarifa zilizofika polisi usifanywe kuwa ndio ushindi. Mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2013 haupendekezi mhudumu alazimishwe kupeleka polisi taarifa hizi. Unataka mwanamke azijue haki zake, na akipenda, asaidiwe kutoa taarifa. Maana jioni ni yeye atakayerudi katika nyumba ile ile. Kwa hiyo anayestahili kuitwa tayari ni yule anayeuliza kwa faragha, anayesikiliza, na anayetenda kwa ridhaa ya mgonjwa.

Mwisho, tuulize pia kinachowazuia wasio tayari. Muuguzi wa kijijini ni jirani wa mume huyo. Anahofia kisasi, anahofia kuitwa shahidi mahakamani, na chumba chake cha matibabu hakina mlango unaofungika. Kipimo kinachomlaumu muuguzi na kuusahau mlango huo hakitamwokoa mwanamke hata mmoja. Matokeo yake na yawafikie wenye dhamana ya kuuweka mlango huo na kumlinda muuguzi.