Mwenye Ardhi Aulizwe Kwanza



Twakutana mahali penye fundisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha samaki kilijengwa hapa Kalokol kwa fedha za Norwei. Kabla ya muongo huo kwisha, ziwa lilirudi nyuma, Ghuba ya Ferguson ikakauka. Wazee walikwisha kuyaona hayo zamani, lakini mipango ilitoka mbali.

Huko Lokitaung, kuanzia mwaka 1985, shirika la Oxfam lilifuata njia nyingine pamoja na wafugaji. Wanawake wa Kiturkana tangu kale hulima mtama penye maji ya mafuriko. Mashamba hayo yakajengewa matuta, ili maji ya mvua yanywewe na udongo badala ya kuuchukua. Baadaye wenyeji wenyewe wakausimamia mradi.

Tofauti ni hii: nani aliamua? Ndilo swali tulilouliza tulipodai vyama vingi, hata kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991.

Wapo wasemao kuwa mfugaji asiye na hati si mwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yawakanusha: jamii husajili ardhi yake, huchagua kamati, na mkataba wa uwekezaji huhitaji ridhaa ya theluthi mbili ya watu wazima barazani.

Basi tujisajili. Aletaye mradi wa kuhifadhi udongo na aketi kwanza nasi chini ya mti, wanawake wenye mashamba wakiwamo. Mungu hutupa mvua. Kuizuia isituponyoke ni wajibu wetu.