Chai Kwanza, Dola Baadaye

Haya ni mazungumzo ya tabibu wa zahanati moja ya bonde la Kilombero, aliyoyatoa mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne mjini Ifakara. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.



Nimeitwa hapa kuzungumza habari za lishe. Lakini pale nje mwalimu wenu wa afya ameninong'oneza: "Daktari, hawa siku hizi wanacheza dola kwenye simu." Nikamjibu kwamba kwangu mimi hayo si mambo mawili. Ni jambo moja. Subirini niwaeleze.

Mwaka jana kijana wa kidato cha tatu aliletwa kwangu na wenzake, yapata saa nne asubuhi. Anatetemeka, jasho linamtoka, kichwa kinamgonga. Hapa kwetu mtu akitetemeka wote tunasema neno moja: malaria. Nikampima. Malaria hakuna. Nikamwuliza, "Umekula nini leo?" Kimya. "Na jana usiku je?" Kimya. Mwishowe akafunguka. Pesa ya chai anayopewa na mama yake, ya wiki tatu mfululizo, ameiingiza kwenye foreksi, katika akaunti iliyofunguliwa kwa kitambulisho cha kaka yake. Usiku halali, anatazama mistari inapanda na kushuka. Na pesa yenyewe imekwisha.

Nikampa uji wenye sukari. Baada ya nusu saa akawa mtu tena.

Labda mnadhani nilimkemea. Sikuweza, jamani. Miaka michache nyuma mimi mwenyewe niliuza magunia manane ya mpunga, nikaiweka pesa yote huko huko, ikaisha kwa siku nne. Mke wangu nikamwambia mpunga umeliwa na panya. Panya mwenyewe nilikuwa mimi.

Kwa hiyo leo sitawahubiria. Nitawaeleza biashara hii inavyokwenda, halafu tutapika chai ya asubuhi.

FEDHA NAYO INA BEI

Ninyi ni watoto wa Kilombero, bei mnazijua. Wakati wa mavuno mpunga umejaa na bei iko chini. Mwenye subira anaweka gunia ghalani hadi masika, walanguzi wanapoutafuta, ndipo anauza. Fedha za kigeni ni hivyo hivyo. Dola ikiwa adimu hupanda, ikiwa nyingi hushuka.

Lakini kuna tofauti kubwa. Mpunga usipopanda bei, utaukoboa uule. Dola isipopanda, utakula nini?

Chukueni mfano wa kweli. Septemba 2024 dola moja ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya shilingi 2,700. Watu wengi waliamini itaendelea kupanda, wakanunua wakaficha. Kufikia mwisho wa Desemba mwaka ule ule ikawa karibu shilingi 2,400. Aliyenunua dola 100 kwa shilingi 270,000 akabaki na kitu cha shilingi 240,000 hivi. Elfu thelathini imeyeyuka, na hakuna aliyemwibia.

Sasa tazameni jambo la pili, ambalo anayeanza halioni. Ingia duka la kubadilishia fedha. Ubaoni kuna bei mbili, si moja. Tuseme wanakuuzia dola kwa shilingi 2,500, na wananunua kwako kwa 2,450. Umeingia na shilingi 250,000, ukapata dola 100. Ukigeuka pale pale mlangoni ukazirudisha, utapewa 245,000. Bei haijasogea hata senti, umeshapoteza 5,000. Mtandaoni mwanya huo ni mwembamba zaidi, lakini upo, na kila ukinunua na kuuza unakatwa. Anayefanya hivyo mara 20 kwa siku anamnenepesha dalali.

MKOPO UNAOUMA

Haya, tufike penye sumu. Kijana ana shilingi 50,000 tu. Dalali wa mtandaoni anamwambia: "Kwa hiyo 50,000 yako nitakuruhusu ufanye biashara ya mara 100." Yaani sasa anabeba mzigo wa shilingi 5,000,000. Kijana anafurahi, anajiona tajiri. Bei ikipanda asilimia moja upande wake, kapata 50,000, mtaji umekuwa mara mbili!

Na ikishuka asilimia moja? Chukueni kalamu. Asilimia moja ya 5,000,000 ni ngapi? Ni 50,000. Mtaji wote umekwenda. Na bei ya yuro kwa dola kusogea nusu asilimia kwa siku moja ni jambo la kawaida kabisa. Mimi magunia yangu manane yalikwenda kwa njia hiyo.

Mwaka 2018 mamlaka ya Ulaya inayosimamia masoko ya fedha ilitoa hesabu ya biashara za namna hii za kubashiri bei kwa mkopo wa dalali, fedha za kigeni zikiwemo. Walikuta kwamba kati ya akaunti 100 za watu wa kawaida, 74 hadi 89 hupoteza pesa. Hao ni watu wazima wa Ulaya, wenye mishahara na umeme usiokatika. Ndiyo maana mwaka huo huo wakapunguza mkopo huo hadi mara 30 kwa fedha kubwa kubwa, na chini ya hapo kwa nyingine.

Mtu atasema, "Daktari, kuna amri ya kukata hasara. Unaiweka, bei ikifika hapo unatolewa." Ni kweli, na anayefanya biashara hii bila kuiweka anajitafutia. Lakini haiokoi siku zote. Sisi watu wa Ifakara Uswisi tunaifahamu, kwa sababu taasisi yetu ya utafiti wa afya ilianza katika miaka ya 1950 kama maabara ya Waswisi. Basi nchi hiyo tulivu, tarehe 15 Januari 2015, benki yake kuu iliacha ghafla kuizuia faranga isipande zaidi dhidi ya yuro. Kwa dakika chache faranga iliruka kama asilimia 30. Amri za kukata hasara zilipitwa kama mtu anayesimamisha basi lililokwisha kupita. Wako walioamka wanadaiwa, na hata madalali wengine walifilisika.

WAKATI WAKO UKIFIKA

Sisemi kwamba biashara ya fedha ni uchawi. Mabenki yanaifanya, na maduka yenye leseni ya Benki Kuu yanaifanya kila siku. Labda mmoja wenu ataisomea. Basi shikeni haya:

1. Kama hujatimiza miaka 18, soma tu. Sheria haikutambui katika mikataba. Ukitumia kitambulisho cha kaka, pesa hiyo ni ya kaka, na likitokea tatizo huna pa kudai.

2. Anza kwa daftari. Andika leo bei ya dola, andika unadhani itakwendaje na kwa nini. Baada ya mwezi jipime. Miezi sita ya daftari au ya akaunti ya majaribio haigharimu kitu, nayo itakuonyesha wewe ni mtu wa namna gani.

3. Ukiwa mtu mzima, tumia pesa ambayo ikipotea yote hakuna atakayelala njaa. Pesa ya chai, ada, nauli na dawa si mtaji. Na ya kukopa ndiyo kabisa, usiiguse.

4. Katika biashara moja usihatarishe zaidi ya asilimia moja au mbili ya mtaji. Kwa 50,000 ni shilingi 500 hadi 1,000. Mnacheka? Naam, ni kidogo. Anayekuahidi utajiri wa haraka kwa 50,000 amekuficha hesabu hii.

5. Usimpe mtu pesa "akufanyie". Waulizeni wazazi wenu habari za DECI. Watu walikuwa "wanapanda mbegu" wakiahidiwa kuvuna zaidi, hadi Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Wengi hawakuvuna kitu. Siku hizi mbegu imebadilishwa jina tu. Dai leseni, na usiridhike na picha ya leseni kwenye simu.

6. Ukipoteza, simama. Kufukuza pesa iliyopotea ndiko kunakozamisha. Funga simu, ukamwambie mtu unayemwamini siku ile ile.

Na hili ni la kwangu kama tabibu. Soko hilo halilali tangu Jumatatu alfajiri hadi Ijumaa usiku. Wewe unalala. Kijana wa umri wenu anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Asiyelala na asiyekula hawezi kuamua vizuri, iwe kwenye hesabu za darasani au kwenye dola.

CHAI YA KESHO IANZE LEO USIKU

Mnaniambia, "Daktari, asubuhi hakuna muda, kengele inatukuta njiani." Nakubali. Basi tugawe kazi: nyingine usiku, nyingine asubuhi. Tutatengeneza chapati yenye yai ndani, ya moto, ya kubeba.

Usiku: Pika chapati. Ziache zipoe kabisa, ndipo uzifunge kwa kitambaa safi ndani ya chombo chenye kifuniko. Ukizifunga zikiwa za moto zitatoa maji na kuota ukungu. Osha nyanya, kitunguu na pilipili hoho, lakini usikate. Mayai yabaki na maganda yake. Weka kila kitu mahali pamoja, na kiberiti pia.

Asubuhi: Nawa mikono kwa sabuni. Katakata kitunguu, nyanya na hoho, piga mayai, tia chumvi kidogo, kaanga mpaka yakauke. Yai la majimaji liacheni, linaweza kuwa na vijidudu vya salmonela vinavyoharisha vibaya. Pasha chapati juu ya kikaango, weka yai ndani, kunja. Suuza hotipoti kwa maji ya moto, ndipo utie chakula. Dakika 15 zinatosha.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo watu wanapougua. Yai lililopikwa lisilale nje usiku kucha katika joto la Ifakara. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye baridi au kubaki cha moto kweli kweli. Kwa hiyo kilichopikwa saa kumi na mbili kiliwe kabla ya saa mbili asubuhi, msikingojee mapumziko makubwa. Na msifunge kwa gazeti, wino wake si kitoweo.

Nyumba yenye friza inaweza kutengeneza za siku kadhaa Jumapili. Kaanga mayai bila nyanya, maana nyanya hutoa maji. Yakipoa, yafunge ndani ya chapati, kila moja peke yake, uzigandishe mapema. Jioni toa moja uiweke kwenye friji, asubuhi ipashe mpaka mvuke utoke katikati. Umeme ukikatika usiku kucha na vitu vikapata joto, msijaribu bahati.

Na mwenye hamu ya biashara, hii hapa. Nunua mayai, unga na mafuta, andika gharama. Kwa ruhusa ya mzazi na ya shule, wauzie wenzako watano. Faida itakuwa ndogo, lakini utaiona kwa macho, na siku isiponunuliwa utakula mtaji wako, utashiba. Kwenye foreksi niliyoicheza mimi, hilo halikuwezekana.

YULE KIJANA

Mtaniuliza yule kijana aliishia wapi. Nilimwambia dawa yake moja iko nyumbani: akamwambie mama. Alisema ni afadhali nimchome sindano kumi. Lakini alikwenda. Mama alilia, halafu akapika. Siku hizi pesa ya chai haipewi tena mkononi. Mama ananunua mayai, na kijana anakaanga mwenyewe.

Baada ya kumwona yule mtoto akifanya hivyo niliona haya. Jioni hiyo nami nilikwenda nyumbani, nikamweleza mke wangu habari za panya. Hakucheka. Ilichukua muda. Lakini tangu siku ile nalala usingizi.



JADILINI KLABUNI

1. Kwa nini ni vigumu kumwambia mzazi kwamba umepoteza pesa? Ungeanzaje?
2. Mtaji ni shilingi 20,000 na dalali anakuruhusu mara 50. Bei ikisogea kinyume chako kwa asilimia mbili, unabaki na kiasi gani?
3. Wangapi darasani wamekuja leo bila kunywa chai? Mnaweza kufanya nini pamoja?